Retinoidi kwenye ngozi ya pwani: shajara ya mradi, Ngamiani, Tanga

20 Juni 2024: Kabla ya kuanza

Nataka vitu viwili: chunusi za kidevuni na mashavuni zikome, na madoa meusi zinayoyaacha yafifie. Weupe siutafuti. Rangi yangu ni maji ya kunde na nataka ibaki hapo hapo. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kwetu mwanamke akionekana anapaka krimu ya usiku, jirani anajua moja kwa moja kwamba ameingia kwenye mkorogo.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, na kazi yangu kubwa ni nguo za harusi. Napima maharusi wenye wiki tatu za kujiandaa, na wanataka uso ubadilike ndani ya hizo wiki tatu. Nimeona wanavyotoka. Ndiyo maana naandika kila hatua ya njia hii nyingine, ya retinoidi, iliyo ndefu, pamoja na gharama zake na pale itakaposhindikana, ili anayetaka kuifuata ajue anaingia wapi. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa watu weupe wa nchi za baridi. Wao wakiungua kidogo uso huiva, ukachubuka, yakaisha. Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa, na doa hilo hukaa miezi. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: kuutibu uso bila kuuchoma.

Retinoidi ni jamii ya dawa zenye asili ya vitamini A. Inayojulikana zaidi kwenye vipodozi ni retinoli. Hiyo ikiingia kwenye ngozi lazima igeuzwe mara mbili, kwanza iwe retinaldehaidi, kisha asidi ya retinoiki, ndipo ifanye kazi. Tretinoini ni hiyo asidi yenyewe, haisubiri kugeuzwa, na ndiyo maana ina nguvu na ina ukali. Marekani iliidhinishwa kwa chunusi mwaka 1971. Adapaleni ilitengenezwa baadaye. Ni pole zaidi na haiharibiwi upesi na mwanga. Ile ya asilimia 0.1 inauzwa Marekani bila cheti cha daktari tangu 2016.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Chunusi huanza muda mrefu kabla hujaiona, pale chembe za ngozi zilizokufa zinapogandamana na mafuta na kuziba kinyweleo. Retinoidi huzifanya chembe hizo zidondoke kwa mpangilio, kinyweleo kisizibe. Pia huharakisha ngozi kujibadilisha, na rangi iliyorundikana kwenye doa huondoka kidogo kidogo pamoja na tabaka la juu. Kula karoti na mchicha ni kuzuri lakini hakuleti matokeo haya, na kumeza vidonge vya vitamini A kwa wingi huumiza ini. Asijaribu mtu.

Nimemwona daktari wa ngozi, shilingi 30,000. Kabla hajaandika chochote ameniuliza kama nina mimba au natarajia kushika, kwa sababu mjamzito hatumii retinoidi. Ameandika adapaleni asilimia 0.1, na amenionya nisitegemee kuona kitu kabla ya wiki 8 hadi 12.

24 Juni 2024: Dukani

Adapaleni haipo. Nimezunguka maduka ya dawa ya mjini na kila mahali jibu ni moja, iliisha, ngoja mzigo.

Duka moja la vipodozi muuzaji alinitolea tyubu nyingine bila hata kuulizwa. "Dada, chukua hii. Maharusi wote wanachukua hii. Wiki mbili tu unang'aa." Nikaigeuza nikasoma maandishi madogo ya ubavuni: haidrokwinoni, tretinoini, mometasoni. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Ile tretinoini iliyomo ni retinoidi ya kweli, kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba anatumia retinoidi na asiwe mwongo. Lakini mometasoni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ndiyo inayoleta ule ulaini wa haraka, ndiyo inayozima wekundu na muwasho, na ndiyo inayoipunguza ngozi unene mpaka mishipa ionekane. Ukiacha ghafla, uso unafumuka vipele kuliko mwanzo, unarudi dukani kununua nyingine. Haidrokwinoni nayo, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ikitumika miaka bila usimamizi inaweza kuacha weusi wa kibuluu usioondoka. Daktari anaweza kumwandikia mgonjwa mchanganyiko kama huo kwa muda maalumu akamfuatilia. Kuuzwa kaunta pamoja na wanja na hina ni jambo jingine, na vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi vimepigwa marufuku nchini.

Niliirudisha. Duka la dawa lililofuata walikuwa na tretinoini tupu, jeli ya asilimia 0.05, shilingi 12,000. Mfamasia alisema ni kali kuliko niliyoandikiwa, nianze kidogo. Nimeichukua.

29 Juni 2024: Maandalizi

Nimeondoa bafuni kila kinachosugua au kinachochoma: dodoki la usoni, ndimu, spiriti, sabuni ya kipande yenye dawa. Mafuta ya nazi nayaacha kwa nywele na miguu, usoni yanaziba vinyweleo. Vilivyobaki ni sabuni laini ya maji isiyo na harufu (9,000), losheni nyepesi isiyo na manukato (14,000), gliserini (3,000) na mafuta ya mgando niliyokuwa nayo.

Picha nimepiga mlangoni kwa kibanda saa mbili asubuhi, bila mwanga wa simu, uso mbele na pande mbili. Zinazofuata zitapigwa hapo hapo na saa hiyo hiyo. Ukibadili mwanga utajidanganya, doa moja linaonekana limefifia kumbe ni jua limehama.

14 Julai 2024: Tretinoini imeshindikana

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Usiku mbili kwa wiki, baada ya Isha, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Unaweka nukta kwenye paji la uso, mashavu na kidevu, kisha unasambaza. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili ngozi ikaanza kuachia.

Ilianzia pembe za mdomo na mikunjo ya pua. Ngozi pale ilikuwa ngumu, inang'aa, ukicheka inavuta, kisha ikapasuka michirizi myembamba ambayo huioni kwenye kioo mpaka usogee karibu kabisa. Nilikula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, nikalia machozi. Maji ya kutawadha yalichoma. Baada ya siku chache mashavu yote yalikuwa na magamba madogo meupe, na losheni ambayo siku zote sikuwa na shida nayo ikaanza kuwasha. Losheni ya kawaida ikiwasha, ujue ngozi imepoteza kinga yake ya juu, na hapo dawa inasimama usiku huo huo.

Nimekaa nikachambua sababu, na ni zaidi ya moja.

Nguvu ya dawa ni ya kwanza, asilimia 0.05 kwa uso usiowahi kuguswa na retinoidi. Ipo asilimia 0.025, na ndiyo ya kuanzia kwa anayelazimika kutumia tretinoini. Pili ni umbo lake. Jeli nyingi zina spiriti ndani na hukausha. Krimu ya dawa hiyo hiyo ni pole zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi, na sijaikuta kwenye maelekezo yoyote kwa namna inavyotuhusu sisi. Nilikuwa napaka mara tu baada ya kuswali Isha, uso ukiwa bado na unyevu wa udhu. Ngozi yenye maji hupitisha dawa kwa kasi na kwa wingi. Uso unatakiwa ukauke kabisa, na hewa ya Tanga jinsi ilivyo na unyevu, kufuta kwa taulo hakutoshi. Unahitaji kama dakika 20 za kukaa tu.

Nne, sikuziba sehemu zinazokunjana. Dawa hutiririka ikajikusanya pembe za mdomo na puani, na ngozi ya hapo ni nyembamba.

Matibabu yamekuwa ya kuacha. Kuosha kwa maji matupu, gliserini iliyochanganywa na maji juu ya ngozi yenye unyevu, losheni, na mafuta ya mgando kwenye mipasuko. Chini ya mdomo upande wa kushoto pamebaki alama nyeusi ya ukubwa wa kifungo cha shati, ambayo haikuwepo. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya jeli ile, si zile shilingi 12,000.

Tyubu nimeifunga, haitumiki tena.

27 Julai 2024: Adapaleni, kati ya Magharibi na Isha

Binamu yangu aliye Dar es Salaam ameipata adapaleni asilimia 0.1 akanitumia kwa basi. Dawa 22,000, mzigo 3,000.

Nimesubiri mpaka losheni iache kuwasha ndipo nikaanza, na safari hii sikuiacha dawa usiku kucha. Ipo njia ya kuipaka kwa muda mfupi kisha kuiosha, inayotumika kwa ngozi inayoungua upesi. Mtu anaiacha nusu saa au saa moja, anaosha, anapaka losheni. Ngozi inazoea, na mtu anaongeza muda polepole. Nikatazama siku yangu, nikaona nafasi hiyo ipo tayari. Naswali Magharibi, jua limeshazama, nakaa uso ukauke huku nikimalizia kazi za mkono, napaka mbaazi yangu. Ikifika Isha, natawadha kwa sabuni laini, dawa inatoka. Baada ya swala, losheni. Dawa inakaa usoni kama dakika 40, na sihitaji kuweka saa ya kunikumbusha.

Pembe za mdomo, mikunjo ya pua na chini ya macho napaka kwanza mafuta ya mgando, ndiyo ukuta. Usiku mmoja napaka, mbili napumzika.

Kwa anayefanya kazi za mikono kama mimi, vidole vioshwe kwa sabuni kabla na baada. Nilishika shela ya mtu na vidole vyenye jeli na doa la mafuta likabaki, nikalitoa kwa poda ya mtoto na pasi ya vuguvugu.

11 Agosti 2024: Jua

Sehemu hii imenigharimu kuliko dawa yenyewe, kwa fedha na kwa akili.

Retinoidi inaiacha ngozi ya juu ikiwa mpya na nyembamba, jua linaichoma upesi. Halafu kwa ngozi yetu hata jua lisilochoma linachochea melanini, yaani rangi ya ngozi, kwa hiyo unafuta doa usiku na mchana jua linalichora tena. Mtu akiniambia hana uwezo wa kinga ya jua, namshauri kwa moyo mweupe asianze retinoidi kwanza, aanze kwa kofia na kivuli.

Losheni ya kwanza (SPF 50, yaani namba ya kinga dhidi ya jua, shilingi 25,000) ilikuwa ya oksidi ya zinki. Inakinga vizuri sana, lakini kwenye uso mweusi inaacha majivu, na wateja wangu waliniuliza kama ninaumwa. Nilipoipunguza ili isionekane, nilipunguza na kinga. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya losheni, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka nusu yake, namba iliyoandikwa kwenye chupa haikuhusu tena.

Ya pili (SPF 30, 28,000) haina majivu, inazama. SPF 30 ikipakwa kwa kipimo chake huzuia takribani asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, kwa hiyo sikuona haja ya kufukuzia namba kubwa. Shida yake ilikuwa jasho. Nakuja kazini kwa baiskeli kama watu wengi wa mji huu, na nikifika Ngamiani losheni ilikuwa imeshaingia machoni. Sasa napaka nyumbani, nangoja ikauke, naendesha na kofia pana ya ukili juu ya mtandio, na sehemu iliyo juu ya nyusi naiacha bila losheni kwa sababu kofia inaifunika.

Kisha udhu. Losheni ya alfajiri haina maana, natawadha naiosha. Napaka ya kwanza ninapotoka nyumbani, Adhuhuri inaondoka, kwa hiyo nikirudi kibandani napaka tena. Kati ya Alasiri na jioni jua limepungua na sikai nje, sipaki. Kwa mpango huu chupa ya mililita 50 inanichukua chini ya mwezi. Hesabu hiyo iingie kwenye bajeti ya mtu tangu mwanzo: shilingi 28,000 kila mwezi, wakati tyubu ya dawa inakaa miezi.

Cherehani nimeihamisha. Ilikuwa inatazama barabara, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kushoto kwangu, na shavu la kushoto ndilo lenye madoa zaidi. Ilitakiwa niligundue hili zamani. Halikunigharimu hata senti.

Jambo la pembeni: pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kitengo kinachotengeneza mafuta ya kinga ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtu mmoja alinishauri niyatafute kwa njia ya uchochoro, eti ni mazuri na hayaachi majivu mengi. Yale yanawazuia watu saratani ya ngozi. Kwa doa la chunusi sitayagusa, na naomba asomaye hapa asiyaguse.

30 Agosti 2024: Chunusi zimefumuka

Zimekuja nyingi kuliko nilivyoanza nazo, hasa kidevuni. Ndogo ndogo, zenye kichwa cheupe, zinatoka kwa pamoja na kuondoka upesi. Nilitegemea. Zilikuwa zimeshajijenga chini, na dawa imezisukuma juu kwa mkupuo. Hali hii kwa kawaida huonekana wiki za mwanzo. Ninavyoitofautisha na kuungua: hizi zinatoka pale pale ninapopata chunusi siku zote, na ngozi kati yake ni tulivu, haiwashi. Zingetoka mahali papya, au uso ungewaka, ningesimamisha.

Kilicho kigumu wiki hizi si uso, ni midomo ya watu. Mteja mmoja amenihurumia kwa dhati, akanipa namba ya mtu anayechanganya mkorogo Chumbageni. "Shoga yangu, usiteseke, hii yako haikufai." Nilimshukuru, nikamweleza. Hakuniamini, na sikumlaumu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele yake na ushahidi wote ulikuwa upande wake.

Sijatumbua hata moja. Kutumbua ndiko kulikonipa nusu ya madoa niliyo nayo.

25 Septemba 2024: Singo

Baada ya Maulidi tulikuwa na harusi ya binamu. Ndani alikokaa mwari kulikuwa na singo, kule kusuguliwa mwili kwa mchanganyiko wa manukato, na kwa desturi ya nyumba yetu wanawake wa karibu nao husingwa. Nilikuwa nimesimamisha adapaleni siku chache kabla, nikidhani inatosha. Haitoshi.

Somo, yaani mwanamke anayemwandaa mwari, ni mtu mzima ninayemheshimu, amewaandaa mama zangu wadogo wote. Alipomaliza mikono akapandisha usoni. Nikamwambia, "Bi mkubwa, usoni naomba unisamehe, kuna dawa napaka." Akajibu, "Mwanangu, uso ndio unaotangulia kuonwa," na mkono wake ukawa umeshafika. Singo yake ni ya karafuu, liwa na waridi, iliyosagwa kwa mkono, haikuwa laini kama unga. Alisugua mara chache tu shavuni. Joto la karafuu lilipanda nikainuka kwenda kunawa, lakini kipande cha juu ya mfupa wa shavu la kulia kilikuwa kimeshachubuka, na kesho yake kiligeuka kahawia.

Singo si kitu kibaya. Naipenda, na harufu yake ndiyo harusi yenyewe. Lakini ngozi iliyo kwenye retinoidi haina lile tabaka la juu linalostahimili kusuguliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kutoa nyusi kwa nta: nta inaweza kuondoka na ngozi. Uzi una nafuu, wembe una nafuu zaidi. Nimeweka mpaka wa wiki nzima, dawa isimame, kabla ya kitu chochote kinachosugua au kuvuta, na usoni hata hiyo wiki ikipita nachagua liwa tupu iliyosagwa laini, inayopakwa na kunawiwa bila kusuguliwa.

Wiki iliyofuata nilienda kumtembelea somo nikamweleza yote kwa utulivu, nikamwonyesha shavu. Alilishika, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. Akaniuliza tyubu ile inaitwaje. Sasa, mwari akiletwa kwake, anamuuliza kwanza kama kuna krimu anayopaka usiku, na akiambiwa ndiyo, uso hausingi. Katika mradi huu wote, hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Nimerudi kwenye adapaleni baada ya kuchubuka kupona, nikianzia dakika 40 tena.

20 Oktoba 2024: Kugawana tyubu

Mdogo wangu ameolewa mwaka huu, naye ana chunusi, naye kaniomba tumalize tyubu pamoja. Nimemkatalia. Anatarajia kushika mimba wakati wowote, na mwezi wa kwanza mwanamke huwa hajui. Dawa ya kumeza ya jamii hii, isotretinoini, inajulikana wazi kwa kulemaza mtoto tumboni. Ya kupaka huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana, lakini hakuna daktari anayesema ni ruhusa, na chunusi si ugonjwa wa kuweka ujauzito rehani. Nimempeleka kwa daktari, ameandikiwa asidi ya azelaiki, ambayo inaruhusiwa kwa mjamzito na inasaidia chunusi na madoa pia. Tyubu 24,000.

Alininunia siku mbili.

26 Novemba 2024: Picha kwa picha

Chunusi mpya karibu zimekoma. Inatoka moja moja karibu na siku zangu, ndogo, inaondoka bila kuacha kitu.

Madoa yamegawanyika. Yale ya kahawia, ambayo rangi imekaa tabaka la juu, yamefifia mpaka inabidi niyatafute kwenye picha ya Juni ndipo nijue yalikuwa wapi. Mawili ya shavu la kushoto yenye rangi ya kijivu hayajasogea kama nilivyotarajia. Rangi ikishuka tabaka la chini huwa ya kijivu au kibuluu, na huko dawa ya kupaka inafika kwa shida. Daktari amesema nisiyaongezee nguvu ya dawa kwa hasira; muda na kinga ya jua ndiyo matibabu yake. Lile la chini ya mdomo, la tretinoini, bado lipo, limepungua kama nusu. La singo limekwisha.

Dawa sasa naiacha usiku kucha, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ili ngozi isiungue, losheni inatangulia, napaka dawa, kisha losheni tena juu. Inapunguza makali kidogo na inanifaa. Hata hariri siipigi pasi moja kwa moja, natanguliza kitambaa kingine juu yake.

Tyubu haikai tena kibandani. Chini ya bati mchana huu wa Novemba vitu vinachemka, na niliikuta jeli imeanza kujitenga maji. Naiweka nyumbani, kabatini, mbali na dirisha.

18 Januari 2025: Kaskazi

Joto limebadilisha hesabu. Losheni ile ile iliyonifaa wakati wa kusi sasa inanifanya nitoe mafuta, na chini yake jasho linaleta vipele vya joto kwenye paji la uso. Mwanzo nilidhani ni chunusi zinarudi. Hazina kichwa, zote zina ukubwa mmoja, zinawasha, na nikikaa kwenye feni zinapotea. Nimeacha losheni ya juu, nabaki na ya chini peke yake, na gliserini nimeikata kabisa, kwa sababu kwenye hewa hii inakaa usoni inanata mpaka asubuhi. Mwezi wa sita nitairudisha.

Gharama mpaka leo, ukiacha kinga ya jua: daktari mara mbili 60,000, jeli ya tretinoini iliyoshindikana 12,000, adapaleni pamoja na nauli ya mzigo 50,000 kwa tyubu mbili, sabuni, losheni na gliserini kama 50,000. Kinga ya jua peke yake imepita 150,000. Kofia ya ukili ilikuwa 6,000, na kama ningeambiwa nibakize kitu kimoja katika orodha hii yote, ningebakiza hiyo.

Ramadhani inaingia mwanzoni mwa Machi, na nafasi yangu ya jioni itakuwa ya futari. Wakati huo nitapaka baada ya tarawehe, losheni ikitangulia, na kuosha wakati wa daku. Kwa mchana sitapunguza kinga ya jua, ila nitaongeza maji usiku, maana ngozi ya mtu aliyefunga hukauka midomo na pembe zake kwanza, na hapo ndipo yalipoanzia matatizo yangu ya Julai. Mafuta ya mgando yatakaa mfukoni mwa aproni. Mgongo, ambao nao una chunusi, nitauanza baada ya Idd kwa adapaleni hiyo hiyo, usiku mmoja kwa wiki, na nitaandika hapa.